Sahani ya Ijumaa kutoka Mishomoroni

Mume wangu Talha hawezi kusema uongo. Sisemi kwamba ni mcha Mungu kuliko watu wengine wa Mtopanga, la. Nasema hawezi tu, kama mimi nisivyoweza kupiga mluzi. Uongo ukimfika mdomoni, mkono wake hutafuta kitambaa, akaanza kupangusa. Hupangusa meza, hupangusa chupa ya chai, hupangusa mlango. Siku moja nilimuuliza kama ni yeye aliyekula haluwa yangu ya kabatini, akapanda juu ya kiti akapangusa balbu mpaka ikazimika. Basi huyo huyo, mtu wa kitambaa, ndiye niliyekaa naye karibu mwaka mzima tukimdanganya mamake mzazi.

Mambo yote yalianzia kwenye friza. Talha ni fundi wa mafriji, ana kibanda chake kando ya barabara, na wateja wake wengi ni wauza samaki na wenye mabucha. Jumamosi moja, ndoa yetu ikiwa bado mbichi, aliitwa kwenye bucha moja upande wa Mjambere. Sitalitaja, maana mwenyewe bado ni mteja. Friza lilikuwa limekufa tangu katikati ya wiki, limefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda harusini Lamu. Walipolifungua, Talha akatumbukiza kichwa ndani kuangalia mabomba. Alipokitoa alikuwa mtu mwingine. Alirudi nyumbani akaoga, akaoga tena, akakaa ukingoni mwa kitanda na taulo kichwani.

"Ruwaida," akaniambia, "mimi na nyama basi."

Nikamwambia haya, itapita. Haikupita. Baada ya nyama akaacha samaki, kwa hoja kwamba samaki nao wana mafriza yao. Kisha mayai. Kisha asubuhi moja akayatazama maziwa kwenye chai yake kwa muda mrefu, nami nikajua na hayo nayo yamekwenda. Tangu siku hiyo nyumba yetu ni ya chai ya mkandaa, nyeusi, yenye tangawizi ya kukuchoma koo.

Mimi nilimfuata kwa uvivu, na huo ndio ukweli wake. Sikuolewa niwe mkahawa, sufuria hili la bwana, hili la bibi. Nikapika chungu kimoja nikala nilichopika, na baada ya miezi michache sikuona kama nimepungukiwa na chochote. Isipokuwa pweza. Pweza bado hunijia ndotoni.

Wala hakuna aliyegundua. Huku kwetu mtu akila mbaazi na mahamri asubuhi, kunde za nazi mchana na mseto wa pojo usiku, nani atamuuliza? Watasema ni mwisho wa mwezi. Na mahamri yetu tunakanda kwa tui, hayajaona yai wala maziwa, na watu huyala wakaomba mengine ya kwenda nayo.

Jumamosi Talha hufunga kibanda adhuhuri. Huja na begi la vifaa begani na nazi mbili mkononi, na kuanzia hapo mpaka Jumatatu asubuhi hatuna neno na mtu. Tunapika pamoja, yaani yeye anapika na mimi nasahihisha. Hukaa juu ya mbuzi akakuna nazi kwa pupa mpaka vipande vya kifuu vinaingia, nami hupiga kelele, naye husema vipande vile vinasafisha tumbo. Mbaazi zikiwa motoni huinama akatega sikio juu ya kifuniko, vile vile anavyotega kwenye mgongo wa friji.

"Hizi bado," husema. "Zinagonga. Zikiiva zitanung'unika."

Na kweli, zikianza kunung'unika zimeiva. Sijui alijuaje na sina nguvu ya kumuuliza, kwa sababu akianza kueleza haishi.

Jumapili tunapanda darini na mkeka, kati ya kamba za nguo. Tunakula muhogo wa kukaanga kwa ndimu na pilipili, tunamenya machungwa, tunabishana ni nani aliyesahau chumvi na kwa hivyo ni nani anayepaswa kushuka kuifuata. Kwa kawaida hakuna anayeshuka. Tunakula vivyo hivyo, tunalala pale pale, na jua likitufikia tunauvuta mkeka kidogo tu bila kuamka sawasawa. Nilikuwa na raha ya ajabu na sioni haya kuisema. Tatizo letu lilikuwa moja tu, nalo lilikuja kila Ijumaa kwa tuktuk.

Mama yake Talha, Bi Zuleikha, anakaa Mishomoroni, peke yake tangu alipofiwa na mumewe. Ni mwembamba, mrefu, ana sauti ya kuamuru, na biriani yake inajulikana hata na watu ambao hawajawahi kuila. Talha ni mtoto wake mmoja tu. Siku tuliyooana alimwita mbele yangu akamwonyesha sahani ya bati yenye maua mekundu, iliyobanduka ukingoni, ambayo ndiyo aliyokuwa akitiliwa chakula tangu alipoanza kushika tonge.

"Nyumba yangu waitoka, sawa, mke ni mke," akasema. "Lakini sahani yangu usiikatae. Mwanangu ni yule alaye sahani yangu."

Talha akalia. Mimi nikalia kwa kufuata. Na tangu hapo, kila Ijumaa baada ya sala, Kalama mwenye tuktuk hupiga honi mlangoni kwetu na kuita, "Fundi! Sahani!" Imefunikwa kawa, imefungwa kwa leso, na ndani yake mna biriani ya mbuzi, au pilau iliyojaa minofu, imejaa mpaka yamwagika.

Ijumaa ya kwanza baada ya friza tulikaa sakafuni, sahani katikati yetu, tukaitazama ikipoa.

"Mwambie," nikasema.

"Nitamwambia," akasema Talha, na mkono wake ukaanza kutafuta kitambaa.

Kweli alikwenda Mishomoroni kesho yake, kifua mbele, kumwambia. Akarudi magharibi amechoka taabani.

"Umemwambia?"

"Nimempangusia madirisha yote," akasema. "Amefurahi sana."

Nikaelewa kwamba hatasema kamwe. Hofu yake haikuwa ya kugombezwa. Alikuwa akiyakumbuka maneno ya siku ya harusi, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba akiikataa ile sahani atakuwa amemwambia mama yake hana mwana. Nilimcheka, lakini usiku ule nilimwonea huruma sana.

Sasa chakula hakitupwi. Hilo sikuhitaji kufundishwa. Tukatazama kulia na kushoto, na kushoto, ukuta kwa ukuta nasi, alikuwako Jael. Jael ni Mluhya, mumewe Justus anafanya kazi kiwandani Changamwe, na wote wawili ni watu wa kula vizuri. Nikaihamisha biriani kwenye sahani yangu, nikampelekea.

Jioni akaja mbio. "Aki Ruwaida! Kumbe we ni mpishi hivi na umenyamaza tu hapo? Justus amelamba sahani mpaka nikaskia aibu."

Nikasema ahsante. Ningesema nini? Ile sahani yenye maua tukairudisha kwa Bi Zuleikha na mbaazi za Talha ndani yake, maana sahani hairudi tupu, na wiki iliyofuata biringanya za ukwaju, na iliyofuata mchicha wa nazi. Mambo yakaenda hivyo vizuri kabisa. Kama tungeyaacha hapo, nisingekuwa na hadithi.

Lakini Jael ni mtu wa kujifunza adabu za mahali. Ijumaa moja alinijia na sahani yangu mikononi, imefunikwa, inafuka moshi.

"Nimeambiwa huku pwani sahani hairudi tupu," akasema, amejaa fahari. "Mimi nimekuwa nikikurudishia tupu kama mshamba. Pole. Shika."

Nikafunua. Kuku mzima, amekatwakatwa, anang'aa mchuzi, na juu kabisa, peke yake kama imamu, firigisi.

"Hiyo ya juu ni ya mzee," akasema. "Kwetu firigisi mtu mwingine haigusi. Na usiogope, nimechinjiwa na yule Muislamu wa kuku pale stendi. Najua mlango naingia."

Nilimshukuru nikafunga mlango. Talha akaitazama firigisi kama mtu aliyeitwa polisi.

"Tumetoa nyama," akasema taratibu, "tukaletewa nyama."

"Mpe mamako," nikasema. "Mwache naye ale kuku."

Ilionekana akili kubwa sana wakati ule. Badala ya kumrudishia mjane mbaazi kila wiki, tutamrudishia kuku! Basi ikawa kila Ijumaa biriani inatoka Mishomoroni, inaingia kwetu, inatokea kwa Jael. Kuku anatoka kwa Jael, anaingia kwetu, anakwenda Mishomoroni, na Kalama ndiye anayebeba vyote, kwenda na kurudi. Sisi katikati tunakula kunde.

Na sifa zikaja. "Bi Zuleikha asema Mungu amzidishie mkaza mwana wake," Kalama aliniambia kutoka ndani ya tuktuk, akipitisha ulimi kwenye midomo. "Kuku, asema, kuku kweli kweli." Mama mkwe wangu, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kusifu hata nilivyofunga leso! Nilitembea siku mbili nimeinua shingo. Kalama naye siku hizo alianza kunenepa, shati likamkaba tumboni, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye sifa.

Jael tu ndiye aliyeanza kulalamika, kwa upole. "Ruwaida, usikasirike, lakini nyama yako siku hizi... wiki jana iliyeyuka yote ikawa uji. Na ya jana Justus ameitafuna taarifa ya habari imeanza, ikaisha, bado anatafuna."

"Mbuzi wa siku hizi," nikasema. "Hawaeleweki."

Kisha simu ikalia.

"Ruwaida."

"Abee, mama."

"Jumamosi naja kushinda kwenu. Watu waniambia Talha amekonda. Nataka nikae nimtazame akila kwa macho yangu haya."

"Karibu sana, mama. Tutakupikia..."

"Najua," akasema. "Yule kuku wako." Nikamsikia akishusha pumzi ndefu. Nilidhani ni ya hamu.

Siku zile zilizobaki hapakulalika. Talha alipangusa nyumba mpaka rangi ya mlango ikaanza kutoka. Alikuwa na mawazo: ajidai kafunga, ajidai jino lamuuma, ajitie kulazwa. Nikamwambia kila moja ya hayo ni uongo, na atapangusa mpaka Mjambere. Mwisho tukaafikiana. Jael atapika kuku, mimi nitapika wali wa nazi, na Talha atajikaza ale kipande kimoja, kimoja tu, mbele ya mama yake, kisha maisha yaendelee.

"Kimoja," akasema, na uso wake ukawa kama uko ndani ya lile friza.

Jael nilimwambia ukweli wote, kwa sababu bila yeye hapakuwa na kuku. Alinisikiliza kinywa wazi.

"Kwa hivyo biriani ni ya mama," akasema. "Na wewe hujawahi pika."

"Sijawahi."

Akafikiri. "Na kuku yangu?"

"Mama huyo huyo."

"Aki nyinyi watu," akasema Jael. Lakini alikubali, tena kwa furaha, kama mtu aliyepewa nafasi kwenye mchezo wa jukwaani.

Jumamosi ikafika. Talha, kwa ukaidi wake, alibandika na mbaazi pia. "Mgeni akishaondoka tutakula nini?" akasema. Zilipoanza kunung'unika akazimiminia tui zito, nami nikalificha sufuria pembeni mwa jiko, nikalifunika kwa leso mbili. Mtu huwezi kumpa mama mkwe mbaazi mchana, saa za wali. Ni chakula cha asubuhi. Afadhali umpe chai na umfungulie mlango aende.

Bi Zuleikha alikuja mapema kuliko alivyosema, kama wanavyofanya watu wanaokuja kuchunguza. Kalama alimshusha akaegesha tuktuk kivulini kumngoja. Nikampokea buibui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?" Alikuwa na sahani yenye maua mikononi, imefungwa leso. Hakuweza kuja mikono mitupu, amekuja na biriani yake. Alipomwona Talha akatabasamu, na papo hapo akavuta ncha ya mtandio akafunika mdomo. Nilishamwona akifanya hivyo mara mbili tatu siku hizi, nikadhani ni heshima tu zinazidi kwa umri.

Tulikuwa hatujakaa sawasawa, sauti ikapaa kutoka upande wa pili wa ukuta wa uani.

"Ruwaida! Hii kuku bado ni ngumu! Nipe dakika kidogo!"

Bi Zuleikha akageuza kichwa. "Nani huyo?"

"Jirani, mama," nikasema. "Anazungumza na kuku wake."

"Amwambia ni mgumu?"

"Ndivyo alivyo. Huwasema sana."

"Masikini," akasema Bi Zuleikha, na sikujua anamwonea huruma kuku au Jael.

Talha alikuwa ameshaanza kupangusa dirisha. Mama yake akamtazama. Nikaenda uani kwa kisingizio cha kuni, na huku natumia gesi, nikapanda juu ya ndoo, Jael akanipitishia sufuria juu ya ukuta, moto, mchuzi ukinidondokea kwenye mkono. "Firigisi iko juu!" akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika barabarani. Nikapakua.

Tulikula sinia moja, kama ilivyo desturi. Katikati wali wa nazi, juu yake kuku wa Jael, kando bakuli la biriani ya mama, niliyoihamisha kutoka kwenye sahani yake ya maua. Bismillahi. Na sasa nieleze sinia lilivyo, kwa asiyejua: adabu ni kwamba kipande kizuri humsogezea mwenzio upande wake. Hujitilii mwenyewe. Basi mimi nikamsogezea mama mkwe paja. Mama mkwe akamsogezea mwanawe paja. Talha akanisogezea mimi.

"Kula, mwanangu," akasema Bi Zuleikha.

"Anza wewe, mama."

"Mimi mgeni tu. Mpe Ruwaida, ndiye aliyetaabika."

"Mimi nimeonja sana jikoni," nikasema.

Paja likazunguka tena. Kidari kikazunguka. Firigisi nayo ikaanza safari, ikatoka kwa Talha kwenda kwa mamake, ikatoka kwa mamake kuja kwangu, ikatoka kwangu kurudi kwa Talha, haina kwao. Na sote watatu huku tunakula wali, wali mtupu, kutoka ukingoni, kwa bidii kubwa, tukisifu. Tulikula mpaka wali ukabaki kilima chembamba katikati ya sinia na kuku yuko juu yake, hajaguswa.

Hapo Talha akakishika kile kidari. Akakileta karibu na mdomo. Akakirudisha. Akachukua kitambaa akaanza kupangusa ukingo wa sinia.

"Talha," akasema mama yake.

"Naam, mama."

"Mbona wapangusa?"

Talha akapangusa zaidi.

"Tangu uko hivi," akaonyesha kwa mkono urefu wa kigoda, "ukipangusa una jambo. Umevunja nini? Waficha nini? Sema."

Nilimtazama mume wangu, mtu mkubwa vile, fundi wa watu, masikio yamemwiva, na nikatamani nimsaidie, lakini maneno yalikuwa ni yake kusema. Akaweka kitambaa chini. Akasema yote mfululizo, bila pumzi: friza, nyama, samaki, mayai, maziwa, sahani, kila Ijumaa, Jael, kuku.

"Sikuikataa, mama," akamalizia, sauti imekatika. "Sahani naipokea. Ila sili. Na nimeogopa utasema huna mwana."

Bi Zuleikha alitazama sinia. Kisha akainua pua.

"Kitu gani chanukia jikoni?"

"Hakuna kitu, mama," nikasema.

"Nina pua. Ni mbaazi."

"Ni... ni za asubuhi, mama. Si za mgeni."

"Zilete."

Nikazileta na sufuria lake, leso moja bado imening'inia, na mahamri yaliyokuwa chini ya kawa. Bi Zuleikha akachovya hamri, akala. Akachovya tena. Akala kama mtu aliyetoka safari. Sisi tunamtazama tu. Alipomaliza hamri la tatu akafuta mikono, akauondoa mtandio mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu miezi mingi akafungua kinywa chake wazi mbele yetu.

"Tazameni," akasema.

Tukatazama. Magego hayakuwako. Upande huu hayako, na upande huu hayako. Yamebaki ya mbele tu, yamesimama kama walinzi wa jengo lililohamwa.

"Yalikuwa yaniuma, nikaenda mjini nikayang'oa yote, kimyakimya," akasema. "Bi Zuleikha wa biriani hawezi kutafuna nyama! Ningemwambia nani? Hata kuijaribu kama imeiva siwezi, natia kisu tu nakisia."

Nikakumbuka Justus na taarifa ya habari.

"Nilikuwa naishi kwa uji," akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Kisha mkaanza kunirudishia mbaazi. Biringanya. Mchicha laini. Nikasema alhamdulillahi, mkaza mwana wangu kajuaje? Naila Ijumaa, naiweka, naila Jumamosi. Mara ghafla, kuku! Kila wiki kuku! Nikasema nimewakosea nini watoto hawa?"

"Na hao kuku, mama?" nikauliza, ingawa jibu lilikuwa nje kwenye kivuli, limekabwa na shati.

"Kalama," akasema. "Ningefanya nini? Chakula hakitupwi."

Talha akaanza kucheka. Alicheka kwa kuanzia tumboni, mabega yakimruka, nami nikamfuata, na mwisho Bi Zuleikha mwenyewe, kinywa wazi, bila mtandio, mapengo yote nje. Tulikuwa bado tunapangusa macho mlango wa uani ulipogongwa, Jael akaingia na sahani yangu ya wiki iliyopita, imefunikwa.

"Shikamoo, mama," akasema, akitutazama mmoja mmoja kujua mchezo umefika wapi. "Nimeleta tu sahani."

Bi Zuleikha akamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye ndara. "Wewe ndiye unayekula biriani yangu?"

Jael akanitazama. Nikatikisa kichwa kwamba mambo yameshamwagika. "Ndio, mama," akasema. "Mimi na Justus. Kila Ijumaa. Tamu sana."

"Kila Ijumaa," akarudia Bi Zuleikha. "Basi wewe ndiye mwanangu. Kaa."

Jael akakaa. Akapewa bakuli zima la biriani na sinia la kuku aliyempika mwenyewe, na firigisi baada ya safari ndefu ikarudi kwao. Kalama akaitwa ndani akaja kwa mbio ambazo sikumdhania. Bi Zuleikha akawaambia wawili hao wale wamalize, na wamwambie kweli kama nyama imeiva, maana kuanzia leo hiyo ndiyo kazi yao.

"Na mbaazi hizi," akanigeukia, "mwanangu Ruwaida, Mungu akuzidishie. Nani kakufundisha?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilimwona Talha akinitazama. "Kapika Talha, mama. Kila wiki ni yeye."

"Na kuku ni wa Jael."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe?"

"Mimi nasahihisha," nikasema. Sifa zangu zote zikaishia hapo, mchana mmoja.

Lakini Talha alikuwa hajainuka. Alikuwa amekaa anaitazama ile sahani yenye maua, tupu sasa, imebaki na alama za mchuzi. Mama yake akaona anavyoitazama. Akaichukua akanipa.

"Ioshe vizuri," akasema. "Kwa sabuni. Isibaki hata harufu."

Nikaiosha, nikaikausha, nikamrudishia. Akavuta sufuria karibu, akateka mbaazi kwa upawa, akaijaza mpaka kwenye ule ukingo uliobanduka, akaegemeza mahamri mawili pembeni, akaiweka mbele ya mwanawe kama alivyokuwa akimwekea alipokuwa na urefu wa kigoda.

"Nilisema sahani yangu," akamwambia. "Nilitaja nyama mimi?"

Talha akala. Hakutega sikio, hakuacha hata tone. Aliifuta kwa hamri la mwisho mpaka maua mekundu yakaonekana yote. Mama yake alikuwa amekaa ameshika shavu anamtazama, kama alivyosema atafanya. Nilipoangalia vizuri nikaona machozi yanamshuka Talha mpaka kwenye ndevu.

"Walia nini?" akauliza Bi Zuleikha.

"Silii," akasema Talha. "Ni pilipili." Na mkono wake ukaanza kutafuta kitambaa.